Oda ya Msumari wa Mwisho

Jumatatu, tarehe tatu Machi. Pipa la kupikia liliwashwa saa moja na robo asubuhi. Rojo la nyanya liliiva saa tano kasorobo, likatolewa, na pipa likaoshwa kwa saa moja na nusu. Jemu ikaingia saa saba na kutoka saa kumi. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu pipa lilioshwa tena, kisha zamu ikaisha. Katika saa hizo zote oda ya hospitali, yenye ujazo wa nusu pipa, iliendelea kuning'inia kwenye msumari wa mwisho ubaoni, ambako siku hiyo ilitimiza siku ya tisa.

Mwenye ubao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bi Foleni. Kupanga kipi kipikwe lini na nani asubiri kwa muda gani ndiyo iliyokuwa kazi yake. Chumba chake kilikuwa juu ya ngazi ya chuma, kikitazama ukumbi wa kupikia kupitia dirisha la kioo ambalo mvuke ulilitia ukungu mara tu pipa lilipochemka. Harufu ya nyanya na sukari iliyoungua kidogo ilikuwa imeingia katika nguo zake kiasi kwamba hata sabuni ilikuwa imekata tamaa.

Ubao wenyewe ulitengenezwa na kaka yake, fundi seremala, yule yule aliyemlea. Wazazi wao walipofariki, kaka aliacha shule, akashika randa, na kwa randa hiyo akamsomesha mdogo wake mpaka chuo cha ufundi. Alipopata kazi ya kupanga ratiba, kaka alimletea ubao wa mbao ngumu uliopigwa msasa mpaka ukang'aa, wenye safu za misumari na vibao vidogo vya rangi: chekundu kwa rojo la nyanya, cha manjano kwa jemu, cheupe kwa chakula laini cha wagonjwa. Kila kibao kilikuwa oda moja. Baadaye dada mtu aliona kwamba oda ndogo hazina mahali pa kukaa zikisubiri wenzao, akamwomba aongeze msumari mmoja pembeni kabisa, chini. Kaka akaugonga kwa mapigo matatu, akauvuta kwa vidole kuujaribu, akasema huo hautang'oka leo wala kesho.

Huo ndio ulioitwa msumari wa mwisho, na wafanyakazi waliufanya kuwa msemo wao. Kijana aliyechelewa kujibiwa posa, wenzake walimwambia ametundikwa msumari wa mwisho. Aliyeomba likizo akaambiwa asubiri kidogo, alijua kwamba amekwisha kutundikwa.

Sheria iliyoujaza msumari huo ilikuwa ya maneno matatu tu: pipa halipikwi nusu. Aliyeitunga ni mwanzilishi wa kiwanda, marehemu, naye alikuwa na sababu. Pipa la zamani lilikuwa na kuta mbili na mvuke ulipita katikati yake mpaka ukingoni. Likijazwa nusu, ukuta mtupu wa juu ulipata moto kama kikaango, na chakula kilichorukia pale kiliungua na kurudi chini kikiwa cheusi. Siku moja chakula chote kiliharibika hivyo, na mpishi wa zamu akafukuzwa kazi kabla pipa halijapoa. Msaidizi wake, aliyeungua mkono akijaribu kuokoa chakula, ndiye aliyekuwa mpishi mkuu sasa, mzee mwenye kovu kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, aliyeitwa Mzee Mvuke.

Pipa lile la zamani lilikwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Likaja jipya, lenye mkono wa kukorogea unaokwangua ukuta, na sheria ikahamia katika pipa jipya bila mtu kuikaribisha. Kwa kuwa chakula laini hakitiwi dawa ya kuhifadhia na hakikai muda mrefu, hakuna aliyependa kupika pipa zima kisha nusu yake itupwe. Kwa hiyo oda ya hospitali ilisubiri oda nyingine ndogo, ya makao ya wazee au ya zahanati, ili zijaze pipa kwa pamoja. Wakati mwingine mwenzake alikuja siku ya tatu. Wakati mwingine hakuja. Wateja walipopiga simu kuuliza, Bi Foleni aliwajibu kwa upole kwamba subira huvuta heri. Mwaka uliotangulia meneja mpya, kijana mtaratibu aliyependa kuuliza, aliwahi kutaka kujua kwa nini pipa halipikwi nusu. Bi Foleni alimjibu kwamba ndivyo ilivyo, na meneja, aliyekuwa mgeni, akaacha kuuliza.

Jioni ya Jumatatu hiyo Bi Foleni alitoka kazini akaenda hospitali moja kwa moja. Kaka yake alikuwa amelazwa tangu Ijumaa kwa uvimbe wa koo. Daktari alieleza kwamba watamfanyia upasuaji, lakini si katika hali aliyokuwa nayo. Mgonjwa alikuwa amekonda mno, na kwanza ilibidi ale, apate nguvu. Ijumaa ijayo angepimwa uzito, na akifikia kiwango kilichotakiwa angeingia chumba cha upasuaji siku inayofuata. Akipungua zaidi, wangeahirisha, na uvimbe ule haukuwa wa kuahirishwa sana.

Wodi ilikuwa ndefu, yenye vitanda pande zote mbili na dirisha moja lililokataa kufunga. Kaka alilala chini ya dirisha hilo, mikono yake mipana ya useremala ikiwa juu ya shuka kama vifaa vilivyosahauliwa. Muuguzi alileta kikombe cha maziwa yaliyozimuliwa maji.

"Ndiyo chakula chake hicho?" Bi Foleni aliuliza.

"Kwa leo ndicho, mama. Kile chakula laini kimekwisha tangu Alhamisi. Hawa wote wa upande huu wanakisubiri." Muuguzi aliinua kichwa cha mgonjwa kwa mkono mmoja, kwa ustadi. "Kiwandani tunapiga simu kila siku. Kuna mama mmoja pale, dua yake ni moja tu, subira huvuta heri. Mwenzangu wa stoo juzi alitaka kumwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamzuia."

 Bi Foleni alikitazama kikombe. Siku zote tatu alizokuja pale, kati ya daktari, dawa na kusaini karatasi, hakuwahi kukiunganisha kibao cheupe kilichokuwa ubaoni kwake na koo la ndugu yake. Kibao kilikuwa nusu pipa. Hakikuwa na jina, wala kitanda, wala dirisha lisilofungika.

Muuguzi alipokwenda kitanda cha pili, kaka alimpa ishara ainame. Sauti yake ilikuwa imebaki kama msasa unaopita juu ya ubao.

"Mdogo wangu. Umenitundika wapi?"

Alijua, basi. Alikuwa anajua tangu mwanzo.

"Msumari wa mwisho, kaka."

"Ule nilioupigilia mimi?"

"Ule ule."

Kaka alifumba macho, na mabega yakamtikisika kidogo. Dada alidhani ni maumivu, kumbe ni kicheko. "Basi kazi yangu nzuri," alinong'ona. "Haujang'oka."

Asubuhi ya Jumanne alimwendea meneja kabla hajapanda ngazi kwenda chumbani kwake. Alimweleza kwamba anataka kupika nusu pipa, na alimweleza kwa nini, bila kuongeza wala kupunguza. Meneja alikuwa na haki ya kumkumbusha swali lake la mwaka uliopita. Hakumkumbusha. Alisema tu kwamba kwa upande wake ruhusa ipo, ila mwenye pipa ni Mzee Mvuke, na mtu hapiki kwa mkono wa mwenzake.

Mzee Mvuke alikuwa shemeji yake kwa njia ya mumewe marehemu, na kwa miaka mingi walikuwa wakitaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Siku hiyo utani haukupatikana haraka. Mzee alimsikiliza huku akifuta koki ya mvuke kwa kitambaa, kisha akakunja mkono wa shati akamwonyesha kovu, kana kwamba hakuwahi kuliona.

"Shemeji, hii ni saini ya marehemu mwanzilishi. Alisema pipa halipikwi nusu, akaniwekea na mhuri."

"Pipa lile limekwisha kuuzwa, shemeji."

"Pipa limeuzwa, moto haujauzwa." Alishusha mkono wa shati. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, na Mzee Mvuke alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu. Hakutaka kuumwa mlangoni. "Kikiungua watasema nani? Watasema ratiba? Watasema mpishi."

"Watasema mimi. Nimekwisha kumwambia meneja."

Mzee aliendelea kufuta koki ambayo ilikuwa safi tangu zamani. Mwishowe akauliza hali ya fundi seremala. Akaambiwa. Alikuwa na viti vinne nyumbani kwake vilivyotoka katika mikono ile, na hakuna hata kimoja kilichowahi kulegea. Akasema maharage yalowekwe usiku huo, wapike kesho, mapema, kabla ya rojo la nyanya.

Jumatano saa moja asubuhi nusu pipa ya maharage meupe, mboga na mafuta iliingia. Bi Foleni alisimama karibu na pipa badala ya kutazama kupitia kioo. Mzee Mvuke alifungua koki ya mvuke kama alivyoifungua kila siku ya maisha yake ya kazi, yaani mpaka mwisho, kwa kuwa mkono wake haukujua kuifungua vingine. Kwa nusu saa kila kitu kilikuwa shwari. Kisha harufu ikabadilika. Hakuna mpishi asiyeijua harufu ile. Alifunga mvuke, akafunua pipa, na wote wawili wakaona madoa meusi yakielea juu ya chakula cheupe kama nzi juu ya maziwa.

Chakula chote kilimwagwa.

Mzee alikaa juu ya kreti iliyopinduliwa, mikono kati ya magoti. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba arudishe kibao chake kwenye msumari.  Ukumbini mfungashaji aliyezoea kuimba wakati wa kuziba mifuko alikuwa ameacha.

Bi Foleni alipanda ngazi akapiga simu hospitali mwenyewe. Alijibiwa na muuguzi yule yule. Alijitambulisha kuwa ndiye mama wa subira, tena dada wa mgonjwa wa dirishani, na kwamba chakula kilikuwa kije leo lakini wamekiunguza.  Muuguzi akasema, "Sawa, dada. Nimekuelewa. Lakini uzito ni keshokutwa." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Aliporudi chini, Mzee Mvuke hakuwa juu ya kreti tena. Alikuwa ameingiza kichwa ndani ya pipa tupu, akitazama ukuta kwa tochi.

"Shemeji, njoo uone."

Nusu ya chini ya ukuta, pale chakula kilipokaa, ilikuwa safi. Pete nyeusi ilianza juu ya mstari wa chakula na kupanda mpaka ukingoni. Ilikuwa kama zamani, alisema mzee, vile vile. Lakini alikuwa ameona kitu kingine. Nje ya pipa mabomba mawili ya mvuke yaliingia ukutani, moja chini, moja juu. Siku zote waliyaona kuwa bomba moja lililogawanyika, kwa sababu yote mawili yalifunguliwa na koki moja kubwa. Kwenye lile la juu palikuwa na kinundu, na kila mwaka, kiwanda kilipopakwa rangi, kinundu kilipakwa pamoja na bomba. Mzee alichukua kisu akaanza kukwangua. Rangi ya kijivu ilitoka, chini yake ya kijani, chini yake ya kijivu tena. Chini ya zote palikuwa na koki ndogo ya shaba.

Walitazamana. Waliolitengeneza pipa walijua kwamba siku moja mtu atataka kupika nusu. Wao wenyewe ndio walioipaka rangi, mwaka baada ya mwaka, kwa usafi.

Bi Foleni alisogea akaigusa koki ile. "Inageuka?"

"Itageuka. Hata mimi nilikuwa sigeuki." Mzee alikwisha kupeleka mkono kwenye kisanduku cha spana.

Maharage mengine yalilowekwa jioni hiyo. Alhamisi asubuhi koki ya juu ilifungwa, ya chini ikafunguliwa nusu, na Mzee Mvuke hakuondoka mbele ya pipa hata kunywa chai. Nusu pipa huiva upesi kuliko pipa zima. Saa tatu kasorobo chakula kilikuwa tayari, cheupe, bila doa. Aliyekuwa akiimba aliimba. Jambo jingine lilionekana asubuhi hiyo, nalo halikutarajiwa na yeyote. Chakula laini hakina rangi wala harufu kali, kwa hiyo suuza fupi ilitosha, na jemu ikaingia mara moja. Baada ya jemu, suuza fupi nyingine, na rojo la nyanya likafuata. Uoshaji mrefu ulifanywa mara moja tu, jioni. Kwa miaka yote nyanya zilitangulia kwa kuwa mteja wake alikuwa mkubwa kuliko wote, na kila asubuhi wekundu wake uliwagharimu saa moja na nusu kabla ya kitu kingine kupikwa.

Lakini hilo Bi Foleni alilifikiri baadaye. Alhamisi hiyo alipanda gari la kiwanda pamoja na makatoni. Saa sita mchana kaka yake alikula kwa kijiko kidogo, polepole, akipumzika kati ya funda na funda. Alipomaliza nusu bakuli alinong'ona kwamba kinahitaji chumvi. Dada akamwambia malalamiko yote ya wateja yapelekwe kwa mpishi.

Ijumaa alipimwa. Hakufikia kiwango. Alipungukiwa kidogo tu, lakini daktari hakukubali kubahatisha, akaahirisha kwa wiki moja. Wiki hiyo kaka alikula kila siku, na upande wote ule wa wodi ulikula. Akapata nguvu, akafanyiwa upasuaji, akaamka, akamshika dada yake mkono. Siku ya nne baada ya upasuaji alifariki, alfajiri, kabla ya saa ya kutazama wagonjwa.

Daktari alimweleza kwamba walikuta uvimbe umekwenda mbali, na kwamba wiki moja isingebadilisha kitu. Alisema hivyo akimtazama usoni. Bi Foleni alishukuru. Maneno hayo hakuyaamini wala hakuyakataa. Aliyachukua kama mtu anavyochukua mzigo asiopewa ruhusa ya kuufungua. Angeweza kuhesabu siku kumi za msumari, na ile ya kumi na moja iliyoungua, na siku alizozihitaji kaka, na hesabu hiyo isingempeleka popote. Bado aliifanya, mara nyingi, akiwa amesimama mbele ya ubao.

Aliporudi kazini baada ya msiba aliung'oa mpangilio wote. Vyeupe vilitangulia, vya manjano vikafuata, vyekundu vikawa vya mwisho, na kila oda ikapata siku yake, iwe ya pipa zima au nusu. Wenye maduka ya rojo la nyanya walilalamika kwamba wameshushwa cheo. Mmoja alimwuliza kwenye simu kama sasa mkubwa ndiye anayewangoja wadogo. Alimjibu kwamba mkubwa atapata mzigo wake jioni ile ile, na akaupata. Hakuna aliyemsikia tena akisema kwamba subira huvuta heri. Mzee Mvuke alimtania kwamba jina lake sasa halina kazi, foleni imekwisha, atafute jingine. Akatabasamu, akasema ataliacha, amelizoea.

Msumari wa mwisho hakuung'oa. Meneja alipomwuliza kwa nini hautoi, alisema aliyeugonga aliugonga vizuri.

Machi iliyofuata, oda ya hospitali iliyochelewa kuliko zote ilikuwa imesubiri siku mbili. Mzee Mvuke alistaafu mwishoni mwa mwezi huo, na upishi wake wa mwisho ulikuwa nusu pipa ya chakula laini. Mpishi mpya aliyempokea alipanda juu siku yake ya kwanza kuchukua ratiba, akavua kofia, akaitundika kwenye msumari wa pembeni, chini kabisa, kwa kuwa aliuona hauna kitu.